Nishikie

Ofisi zilikuwa zinafungwa na ukumbi wa chini ulikuwa umefurika watu. Wenye kutoka waligongana mabega na wenye kuingia, maana orofa ya juu kabisa ya jengo lile ilikuwa na madarasa ya jioni, na wanafunzi wake wote walikuwa watu wa kazi, kila mmoja amekuja na uchovu wake. Lifti ilikuwa imekwama. Kamba nyekundu ilifungwa mbele ya mlango wake, na nyuma ya kamba, ndani ya shimo lenye giza, sauti ya mwanamume ilisikika ikiita kuelekea juu.

"Nishikie."

Hakuna aliyejibu. Kikapita kitambo, kisha buti zikasikika zikikanyaga bati, na spana ikaanza kazi.

"Mama, anashikiwa nini?" aliuliza mtoto wa kike aliyekuwa amening'inia kwenye mkono wa mama yake.

"Sijui. Atakuwa na mwenzake huko juu."

Mtoto huyo aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo, na mama yake hakuitwa kwa jina lingine ila Mama Chiriku. Alikuwa mshonaji wa sare katika karakana iliyokuwa humo humo jengoni. Jioni ile alivaa gauni la kijani lililobana kiunoni na kuachia chini, alilojishonea mwenyewe, na tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni kwa kusahauliwa. Mumewe alifariki Chiriku akiwa hajaanza kutambaa. Watu walimpa pole za kutosha. Yeye alichotaka ni kusoma, na kwa kuwa bibi yake Chiriku alikuwa mpishi wa zamu ya jioni hospitalini, mtoto alikwenda darasani na mama.

Fundi alipochomoza shimoni, Mama Chiriku alikuwa wa kwanza kumpokea.

"Fundi, tutapanda leo, au tuote mizizi hapa?"

"Mizizi inakwenda chini, dada. Nyinyi mnataka kwenda juu."

"Kila kitu huanzia kilipo."

Fundi alimtazama vizuri. Alikuwa kijana mrefu, ovaroli ya bluu imepauka magotini, lakini chini yake ilichungulia kola nyeupe iliyopigwa pasi ikapigika. Jengo zima lilimwita Pandashuka.

"Wewe ndiye unayeivuta lifti?" Chiriku aliuliza.

"Inavutwa na mashine."

"Na mashine inavutwa na nani?"

"Na umeme."

"Na umeme?"

Pandashuka alimgeukia mama. "Huyu utamaliza naye lini?"

"Yuko kwenye umri wa kuuliza. Ukishamjibu moja umejiandikisha."

"Na mwenzako wa huko juu, mbona umemwita hakuitika? Amelala?"

Aliyeuliza ni Chiriku tena. Pandashuka alifuta mikono kwenye kitambaa. "Ana kazi nyingi," alisema, akafungua kamba nyekundu.

Walipofika juu, Mama Chiriku alishangaa kumwona amevua ovaroli, amebaki na lile shati jeupe, anaketi dawati la nyuma yake. Kumbe kola ile ilikuwa ya darasa.

Darasa lao lilihusu hoja: namna ya kujenga hoja, namna ya kuibomoa, na namna ya kubaki rafiki wa uliyembomolea. Mwalimu alikuwa mama mstaafu waliyemwita Miwani, maana alikuwa nayo miwani ya kusomea kichwani, ya kuonea mbali machoni, na ya akiba ikining'inia kifuani. Muhula ule aliwaletea swali moja kubwa: je, ulimwengu una aliyeuanzisha?

Tangu jioni ile, kila baada ya vipindi Mama Chiriku na Pandashuka walishuka kwa ngazi, Chiriku amelala begani kwa fundi. Watu waliwacheka. Mtu wa lifti anashuka kwa ngazi, kama mwuza viatu anayetembea peku.

"Lifti inafika haraka," alijieleza Pandashuka.

"Si ndiyo kazi yake?"

"Ndiyo kasoro yake."

Mama Chiriku alitazama ukutani ili asicheke. Kwenye ngazi hizo ndiko walikobishana mpaka wakapendana, au walipendana mpaka wakabishana. Ukiwauliza hata leo, kila mmoja atakupa jibu lake.

"Uzi bila fundo haushoni," mshonaji alisema jioni moja. "Unaweza kupiga mishono mizuri, iliyonyooka kama mstari. Kama mwanzoni hukufunga fundo, ukivuta tu nguo yote inafumuka. Sasa huu ulimwengu mbona haufumuki? Kuna fundo mwanzoni, na fundo halijifungi."

"Hoja tamu. Na wewe unadhani lifti imening'inizwa kwenye nini?"

"Kwenye ndoano. Huko juu."

"Kila mtu anadhani ndoano. Hakuna ndoano, mpenzi. Kamba inapita juu ya gurudumu na kushuka upande wa pili, na huko kuna chuma kizito. Lifti inashikwa na chuma, chuma kinashikwa na lifti. Labda na ulimwengu ni hivyo. Vitu vinashikana vyenyewe."

"Na gurudumu limekaa juu ya nini?"

"Juu ya jengo."

"Na jengo?"

"Sasa nimejua Chiriku amerithi wapi."

"Jibu kwanza. Na hilo neno 'mpenzi' limepita hapa kama nani?"

"Limepita kwa ngazi, polepole. Nilidhani hutaliona."

"Nimeliona. Liache lipite."

Siku nyingine, bila kuulizwa, Mama Chiriku alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba baada ya msiba alikuwa akipika ameuelekea ukuta wa jikoni, anaongea. Haongei na marehemu. Anaongea na Mungu, anamwambia chumvi imeisha, anamwambia mtoto ana homa, anamwambia leo sikulia. "Ukuta ule una doa la mvuke," alisema. "Nilikuwa naliangalia hilo doa. Ndiyo sala yangu ilivyokuwa."

Pandashuka alitaka kusema jambo, akalimeza. Alimhamisha Chiriku bega la pili, wakaendelea kushuka. Kesho yake mchana alimpigia simu.

"Nataka kuja kumwona mama."

"Mama yangu? Unataka akupikie?"

"Nataka anijue. Na mimi nijulikane nina nia gani."

Mama Chiriku alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa zote kwanza, moja moja, ndipo akajibu. "Mama ana swali moja tu kwa mwanamume yeyote. Anauliza kama anamwogopa Mungu. Jitayarishe."

"Nitajitayarisha," alisema Pandashuka, na sauti yake ikapungua kidogo.

Mdahalo wa swali lile kubwa ulikuja wiki ile ile. Miwani alikuwa na utaratibu wake. Aliomba vifungo karakanani kwa Mama Chiriku, vyeupe na vyeusi, akavitia kwenye mfuko wa kitambaa. Anayetoa cheupe anatetea kwamba ulimwengu una aliyeuanzisha, anayetoa cheusi anapinga. Tena kulikuwa na sharti: mtu yeyote asiseme la moyoni mwake mpaka kipindi cha mwisho cha muhula.

"Mkijua mwenzenu anaamini nini," Miwani alisema, "mtamjibu yeye badala ya kujibu hoja yake."

Mama Chiriku alitoa cheupe. Pandashuka akatoa cheusi.

Mshonaji alisema vizuri. Alieleza fundo, alieleza kwamba kila kilichoanza kina kilichokianzisha, na kwamba huwezi kurudi nyuma bila kikomo kama vile huwezi kuazima sindano kwa mtu ambaye naye anaazima, na huyo naye anaazima; mwisho lazima awepo mwenye sindano. Watu walipiga makofi. Kisha akasimama Pandashuka.

Alianza taratibu. Akasema, kama kila kitu kinahitaji mwanzilishi, basi mwanzilishi naye anahitaji wake. Kama kuna kimoja kisichohitaji, kwa nini kisiwe ulimwengu wenyewe? Akaeleza chuma cha upande wa pili na gurudumu. Darasa lilimfuata kama maji yanavyofuata mfereji, na mtu anayefuatwa hivyo hupata moto. Ndipo akasema:

"Tuambizane ukweli. Mtu akiachwa peke yake, huanza kuongea na ukuta. Akishaongea nao muda mrefu, huona haya kuuita ukuta, akaupa jina kubwa. Hiyo haithibitishi kwamba Mungu yupo. Inathibitisha kwamba upweke upo."

Darasa lilipiga makofi mpaka Chiriku akaamka. Mama yake hakupiga. Alikuwa anakunja pindo la gauni lake na kulikunjua.

Pandashuka, Chiriku akiwa begani kwake kama kawaida, alimkuta mama mtu kwenye ngazi, ameshatangulia.

"Mbona unakimbia? Nimekushinda?"

"Umenitumia."

"Nimekutumia vipi?"

"Ule ukuta ni wangu. Nilikupa wewe, si darasa."

"Ule ukuta si..." alianza, akasita. Wenzao walikuwa wanapita, wakimpiga mabega na kumsifu. Mtu akimsifu mtu kwenye kosa lake, anamziba masikio. Pandashuka akachukua njia rahisi, akatania. "Unajua sharti la Mwalimu, mpenzi. La moyoni halisemwi mpaka muhula uishe."

Mama Chiriku alimchukua mtoto kutoka begani kwake. Hakupandisha sauti.

"Na siku uliyosema unataka kuja kwa mama, ulikuwa umetoa kifungo cha rangi gani?"

Akashuka. Pandashuka alibaki amesimama kwenye ngazi, mikono bado imekaa kama ya mtu aliyebeba mtoto.

Ukweli ni kwamba alikuwa na la kusema na hakulisema. Kazi yake ni kuwaambia watu kila siku kwamba lifti iko salama. Mtu wa namna hiyo haoni rahisi kueleza kitu anachokifanya akiwa shimoni peke yake.

Alipiga simu. Mara ya kwanza haikupokewa. Mara ya pili ilipokea Chiriku.

"Mama anashona."

"Mwambie ni mimi."

"Anajua. Amesema mwambie anashona."

"Na wewe hujambo?"

"Sijambo. Mbona huji kunibeba?"

Upande wa pili wa simu ilisikika cherehani, ikienda bila kupumzika.

Nyumbani, mama yake Mama Chiriku aliona sahani ya bintiye imebaki kama ilivyopakuliwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imara ya kusonga ugali wa masufuria makubwa, na hakupenda mafumbo.

"Yule wa lifti anakuja au haji?"

"Sijui kama anaamini anachosema, mama. Anaweza kusema chochote na kikapendeza."

"Hata kwamba anakupenda?"

"Ndilo ninaloliogopa. Mimi peke yangu ningejaribu. Lakini huyu," akaonyesha Chiriku aliyekuwa anapanga vifungo sakafuni, "ameshaanza kumwulizia. Siwezi kumpa baba wa maneno."

Mama yake alifikiri. "Basi usimpe kabla hujajua," alisema, akaisogeza sahani karibu yake. "Ila kula. Tumbo halina mdahalo."

Kipindi cha mwisho kilifika. Mama Chiriku nusura asiende, akaenda kwa ajili ya Miwani. Alikaa karibu na mlango. Pandashuka alikuwa dirishani, na kwa mara ya kwanza kola yake haikupigwa pasi.

"Vifungo vimekwisha," Miwani alisema. "Leo kila mtu aseme lake."

Dereva wa teksi alisema anaamini, hasa njiani. Mhudumu wa benki alisema haamini, lakini mama yake asiambiwe. Zamu ya mshonaji ilipofika, alisimama na kusema kwa kifupi: "Mimi naamini. Sina hoja mpya. Fundo lililofungwa vizuri halionekani upande wa nje wa nguo, ila nguo naivaa."

Pandashuka alisimama wa mwisho.

"Kazi yetu ni ya watu wawili," alisema. "Mmoja anaingia shimoni na kusimama juu ya paa la lifti. Mwingine anabaki kwenye chumba cha mashine, mkono kwenye swichi, asije mtu akaiwasha. Wa shimoni anaita, 'Nishikie.' Wa juu anajibu, 'Nimeshika.' Usipojibiwa, hukanyagi. Mzee aliyenifundisha kazi ndiye aliyekuwa ananijibu. Alipofariki, kampuni haikuleta mtu. Ilileta kufuli. Sasa nafunga swichi mwenyewe, ufunguo natia mfukoni, naingia. Niko salama, hakuna anayeweza kuiwasha."

Alitazama mikono yake.

"Lakini bado naita. Sijui kwa nini. Naita, halafu nasubiri, halafu ndipo nakanyaga."

"Unamsubiri yule mzee?" Miwani aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Mzee nilimzika mwenyewe. Nauelekea tu ukuta wa shimo na nasubiri. Siku ile niliposema habari ya ukuta, nilikuwa nasema wangu. Nilijicheka mbele yenu ili makofi yaje. Kuna mtu aliwahi kuniambia kuhusu wake, nami nikashindwa kumwambia kwamba tuko wawili. Nikamkata kwa kisu nilichotaka kujikatia mwenyewe." Akaketi. "Kwa hiyo mimi sijui. Hilo ndilo la moyoni. Sijui."

Miwani alivua miwani ya kuonea mbali, akavaa ya kusomea, akaivua nayo.

Mama Chiriku alitaka kumwendea, ila Chiriku alikuwa amelala mapajani na viatu vimepotea chini ya dawati. Alipoinuka, mlango wa lifti ulikuwa umeshafungwa. Pandashuka, ambaye muhula mzima alishuka kwa ngazi, siku ile alishuka kwa lifti.

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, tangazo lilikuwa limetundikwa: lifti inafanyiwa matengenezo. Mama Chiriku alilisoma mara mbili. Alikuwa na aproni ya kazi juu ya gauni, kimto cha pini mkononi, nyuzi za bluu zimemganda kwenye nywele. Wenzake walikuwa wanafungua vyakula vyao. Yeye akapanda ngazi, akapita orofa ya madarasa, akapanda ngazi nyembamba ya chuma iliyobaki, akasukuma mlango wa chumba cha mashine.

Kilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya grisi na vumbi lililopata joto. Gurudumu lilikuwepo, kubwa kuliko alivyodhani, kamba zake za chuma zikizama kwenye matundu ya sakafu. Ukutani kulikuwa na swichi, na kwenye swichi kufuli. Alipiga magoti karibu na matundu. Huko chini kulikuwa na mwanga mdogo wa tochi, ukitikisika.

"Nishikie."

Sauti ilipanda polepole. Haikuwa na mzaha hata chembe. Kisha kimya, na Mama Chiriku akatambua kwamba huko ndiko kusubiri kwenyewe, na kwamba kulikuwa kurefu kuliko alivyofikiri. Alinyoosha mkono, akaishika ile kufuli. Ilikuwa ya baridi, imefungwa sawasawa, haikumhitaji kwa lolote.

"Nimeshika," alisema.

Spana ilianguka. Iligonga ukuta mmoja, ikagonga wa pili, ikaendelea kugonga mpaka chini.

"Nani?"

"Siku zote unasubiri ujibiwe. Leo umejibiwa, unauliza nani?"

Halafu kicheko kikapanda shimoni, kicheko cha mtu anayejishikilia asianguke.

"Mama Chiriku, mtu hufa kwa mshtuko. Nimebakiza kidogo tu niamini."

"Amini basi. Spana umeshaipoteza."

"Kuhusu ule ukuta..."

"Nilisikia jana. Ungeniambia kwenye ngazi."

"Niliona haya."

"Mimi sikuona haya kukuambia wangu."

"Ndiyo maana nikaona haya."

Hilo aliliamini. Hakuna aliyekuwepo wa kulipigia makofi. "Kanyaga," alimwambia. "Fanya kazi yako. Mimi sitoki hapa."

Alikaa sakafuni mpaka fundi alipomaliza, na chakula chake cha mchana kikaliwa na wenzake. Pandashuka alipopanda, uso una mstari wa grisi kutoka sikioni hadi kidevuni, alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mama yako ataniuliza kama namwogopa Mungu."

"Atakuuliza."

"Nikisema sijui, atanitoa nje."

"Usianzie kwenye sijui. Anzia kwenye 'Nishikie.' Mweleze kama ulivyotueleza."

"Halafu?"

"Halafu usubiri. Hiyo kazi unaiweza."

Alicheka, akajifuta uso na kuuchafua zaidi. "Nataka nikuoe," alisema.

"Hoja yako?"

"Sina hoja."

"Afadhali," alisema Mama Chiriku. Akanyoosha mkono ili asaidiwe kuinuka, na grisi ikahamia kwake. Hakuipangusa.

Jumapili, Pandashuka alikwenda, shati jeupe, kola imesimama. Chiriku alimdandia kabla hajaketi. Bibi yake Chiriku aliuliza swali lake, naye akaeleza yote, kutoka kwa yule mzee hadi kufuli, hadi kuita, hadi kusubiri. Hakupamba. Alipomaliza, mpishi alikuwa bado ameshika upawa.

"Hiyo kufuli," aliuliza, "unaifunga kabla ya kuita au baada?"

"Kabla, mama. Nafunga, najaribu kama imeshika, ndipo naita."

Mama alimtazama, akamtazama bintiye, akamtazama mjukuu aliyekuwa tayari juu ya goti la mgeni.

"Unafanya lako kwanza, ndipo unaita," alisema. "Kaa ule."